UZI: Ndani ya Enterprise, jinsi seti za Star Trek ya zamani zilivyobadilika toka 1964 mpaka 1969

#1 kiti_cha_nahodha (mleta uzi)

Habari zenu wadau. Huu uzi nimeukalia muda, leo naushusha wote, mwenye haraka apite atarudi baadae.

Nimemaliza kuangalia Star Trek ile ya mwanzo kabisa, tamthilia ya Marekani ya chombo cha anga kinaitwa Enterprise, ya kina nahodha Kirk na Spock na daktari McCoy, episodi zote 79, na hii ni mara ya pili. Mara ya kwanza niliangalia stori. Safari hii nimeangalia kuta. Yaani nasimamisha picha nasogeza uso kwenye skrini naangalia milango, mabomba, pazia, viti, taa zimepigwa kutoka wapi. Na nilichokiona ni kwamba kile chombo hakikuwa kimoja. Kila sizoni ni chombo kingine kwa ndani, na ukishajua kuzisoma zile kuta unajua kabisa hapa pesa ilikuwepo, hapa imekata, hapa kuna fundi amekaa usiku anawaza atatokaje.

Tuanzie mwanzo. Mwishoni mwa 1964 studio ya Desilu, ile ya mwigizaji Lucille Ball, ilirekodi episodi ya majaribio inaitwa The Cage. Nahodha sio Kirk, ni Pike. Iligharimu zaidi ya dola laki sita, kwa miaka ile hiyo ni pesa ya kutisha kwa kipindi kimoja cha televisheni. Ukiangalia chumba cha usukani cha kwenye hiyo episodi utakiona kipo kipo lakini kimepoa. Rangi ni kijivu kijivu, mwanga hafifu, na kuna vile viskrini vidogo vimesimama juu ya shingo ndefu zinazopinda kama za taa ya mezani. Kuna mahali majibu ya kompyuta yanatoka kwenye karatasi! Karatasi imechapishwa, mtu anaichukua anaisoma. Chombo kinakimbia kuliko mwanga alafu taarifa inatoka kama risiti.

Kituo cha televisheni cha NBC wakaikataa ila wakatoa nafasi ya pili, jambo ambalo halikuwa la kawaida. 1965 wakarekodi Where No Man Has Gone Before, Kirk akaingia, bajeti ikashuka ikawa zaidi kidogo ya nusu ya ile ya kwanza, na wakatumia seti zilezile za kwanza wakazirekebisha. Hii ilipita. 1966 seti zikahamishwa kwenda kwenye majengo ya Desilu ya mtaa wa Gower, Hollywood, na hapo ndio chombo kikavalishwa nguo mpya. Reli nyekundu kuzunguka kiti cha nahodha, milango myekundu, vitufe vya rangi kama peremende za dukani. NBC walikuwa chini ya kampuni ya RCA, na RCA walikuwa wanauza televisheni za rangi, kwahiyo rangi ilikuwa biashara, mtu akipita dukani akaona ile reli nyekundu inang'aa anatamani kubeba televisheni aende nayo nyumbani.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui, kuta zenyewe walizipaka kijivu. Ile zambarau, ile kijani, ile bluu unayoiona nyuma ya watu kwenye korido ni taa tu. Mpiga picha wao Jerry Finnerman alikuwa anaweka karatasi za rangi mbele ya taa anapiga ukutani, leo korido ni zambarau kesho ni kijani, na rangi haijaguswa. Korido yenyewe ni moja, imepinda, kwahiyo kamera haioni mwisho wake. Watu wanapita huku, wanarudi kule, wewe unaona chombo kina kilomita.

Naendelea chini, ngoja nipumzishe vidole.

#2 seremala_wa_mbagala

Mkuu nimeweka kambi hapa. Mimi ni fundi, nimejenga seti za tamthilia mbili tatu hapa Dar, nakuelewa sana. Kuta za kijivu ni akili kubwa, sisi tunapaka rangi ukuta mara tatu kwa wiki kisa sebule ya tajiri inageuka sebule ya mganga. Swali langu, hicho chumba cha usukani ni duara, kamera iliingiaje?

#3 kiti_cha_nahodha

Fundi karibu sana, uzi kama huu bila watu kama wewe haunogi.

Kilijengwa vipande vipande kama keki iliyokatwa. Kila kipande na meza yake na skrini zake, kinasogezwa pembeni kinapisha kamera. Ndio maana ni nadra sana kuona duara zima kwa mpigo mmoja, kuna upande huwa umefunguka. Na ile skrini kubwa ya mbele ambayo wote wanaikodolea macho haikuwa na picha yoyote, picha iliwekwa baadae kwenye maabara. Waigizaji wanatazama patupu wanashtuka.

Milango nayo. Ile milango inayofunguka yenyewe mtu akikaribia haikuwa na mota wala nini, kuna jamaa wako nyuma ya ukuta wanavuta kamba. Mwigizaji anatembea kwa kujiamini anaelekea kwenye mbao iliyofungwa, anawaamini watu ambao hawaoni. Wakati mwingine jamaa walichelewa, mtu akajibamiza. Mlio wa mlango uliongezwa baadae. Leo milango ya namna hiyo ipo kila supamaketi ila mimi kila nikipita nawakumbuka wale wavuta kamba.

Mchoraji wa haya yote anaitwa Matt Jefferies. Huyu alikuwa mtu wa ndege, vita vya pili vya dunia alihudumu kwenye ndege za jeshi la Marekani, na ndio maana ukiangalia chombo chake unaona vifaa vimepangwa mahali mkono unafika. Alikuwa hataki kitu kiwekwe kwa ajili ya urembo tu. Kuna lile shimo la mteremko ambalo Scotty, injinia wa chombo, anajibana humo akirekebisha nyaya, wenzake Jefferies studio walilibatiza jina la Jefferies, na jina limebaki mpaka leo.

#4 binti_pangani

Kaka asante kwa uzi. Mimi nilianza kuangalia kwa sababu ya Uhura tu, yule dada wa mawasiliano mle ndani, jina lile lilinivuta. Naomba usimsahau.

#5 kiti_cha_nahodha

Dada simsahau, yeye ndio ana sehemu nzuri kuliko zote kwenye huu uzi, nivumilie kidogo nimalize injini kwanza.

CHUMBA CHA INJINI. Hapa ndio moyo wangu ulipo.

Fungua The Naked Time ya 1966, ile jamaa anaitwa Riley amejifungia kwenye chumba cha injini anaimba huku chombo kinaanguka. Simamisha picha pale unapoona nyuma ya ule wavu. Kuna mabomba makubwa yanaingia ndani, ndani, ndani, unaona kama chumba kina urefu wa uwanja wa mpira. Sasa angalia taratibu. Bomba la mbele ni nene. Linalofuata jembamba kidogo. La nyuma jembamba zaidi, na fupi, na yote yanasogeleana. Ule urefu haupo! Ni hatua chache tu, wamepunguza ukubwa kidogo kidogo jicho linajidanganya lenyewe. Na wavu umewekwa makusudi mtu asiweze kuingia kule nyuma, maana akiingia akasimama pembeni ya bomba la mwisho ataonekana jitu.

Mara ya kwanza nilivyogundua nilirudisha nyuma kama mara kumi. Sikukasirika hata kidogo kwamba nimedanganywa. Nilifurahi kama vile mtu amenionyesha mkono wake.

Sizoni ya kwanza chumba kilikuwa ni hicho basi, wavu na paneli ukutani. Yale mawe yao ya dilithiamu ambayo chombo kinayategemea yalikuwa yanatunzwa chumba kingine kabisa, kwenye meza, utaona kwenye The Alternative Factor ya 1967. Sizoni ya pili kikakua. Katikati ya sakafu likaongezwa lile dude kubwa la dilithiamu, Scotty akapata kitu cha kuinamia na kukifungua, pakawekwa ngazi inayopanda ghorofani, kamera ikapata kupiga kutoka juu kwenda chini. Ghafla injinia ana ufalme wake. Kabla ya hapo Scotty alikuwa mtu anayeongea na ukuta.

Na kwenye mabomba yao waliandika herufi GNDN, ukisogelea unaona kama namba za kitaalamu. Maana yake ni haliendi popote, halifanyi chochote. Mafundi waliandika hivyo wenyewe, mtazamaji wa nyumbani asingeweza kusoma.

#6 seremala_wa_mbagala

Hapo kwenye mabomba mkuu umenimaliza. Nina vipande vya mabomba ya plastiki karakana, nitajaribu nirudi.

Ila niseme kitu. Kuna tamthilia moja nilijenga sebule nzima, plaiwudi nzuri, dari ya jipsamu, siku wanamaliza episodi ya sita wakabomoa wakauza mbao kwa sababu hawakuwa na pa kuweka. Wiki ya pili stori inarudi kwenye ile sebule. Tukajenga upya kwa kukisia kwa picha za simu, na dirisha likahama upande. Hakuna aliyetuma hata meseji ya kulalamika lakini mimi niliumia, naliona lile dirisha mpaka leo. Kwahiyo hao walifanyaje kutunza seti miaka mitatu?

#7 kiti_cha_nahodha

Fundi pole sana, hilo dirisha nakuelewa.

Wao walikuwa na majengo mawili, moja linakaa seti za chombo muda wote na jingine la sayari wanazozishukia, hawakubomoa kila wiki. Ila kubadilika kulikuwepo na kuna sehemu walilitumia hilo badiliko kwa akili ambayo mimi naiheshimu sana.

Mwaka 1966 walizidiwa, picha za maajabu zilikuwa zinachelewa kukamilika na episodi zinaelekea kuisha na televisheni haisubiri. Wakachukua ile The Cage iliyokataliwa, ile ya Pike yenye rangi ya kijivu, wakaijengea stori mpya kuizunguka ikawa The Menagerie, episodi mbili. Wakasema haya ni mambo ya miaka 13 iliyopita, chombo kilekile enzi za nahodha mwingine. Kwahiyo ile seti ya zamani, zile shingo ndefu, ile karatasi, vikawa ujana wa chombo. Chombo kikapata historia kwa sababu ya kubanwa. Dirisha lako lilihama bila maelezo, wao walipata nafasi ya kulieleza.

Na kujibana kwao kuko kila mahali. Kile kichombo kidogo Galileo kilijengwa kwa mkataba na kampuni ya AMT ya vifaa vya kuunganisha vya watoto, wao wajenge kichombo alafu wapate haki ya kuuza vifaa. Kilipotokea kwenye The Galileo Seven Januari 1967 ukiangalia nje ni kifupi, watu wanainama, ukiingia ndani wanasimama wima. Ni seti mbili tofauti. Na mwaka huohuo kwenye The Doomsday Machine chombo ndugu kinaitwa Constellation kimepigwa hoi, nje ni mfano wa Enterprise wa kuunganisha wa AMT, wa dukani, wameuunguza, namba yake 1017 ni 1701 ya Enterprise imepangwa upya. Ndani ni vyumba vilevile vya Enterprise wamemwaga takataka. Stori inasema chumba cha usukani kimeharibika, kwahiyo nahodha wao Decker anakutwa chumba cha akiba. Kile chumba kizuri cha duara hakikuguswa hata mkwaruzo.

#8 kijana_wa_eastleigh

Sasa watu wangu. Nimesoma yote, hii ni kazi safi bana. Wacha niongeze ya Uhura maana hiyo inatuhusu. Nichelle Nichols, aliyemuigiza, alienda kuonana na wenye kipindi akiwa amebeba kitabu kuhusu Kenya chenye jina Uhuru, hapo ndio jina likatoka, mwisho wakabadilisha herufi moja ikawa Uhura. Na Kiswahili anaongea kabisa mle ndani. Kwa ile episodi ya kwanza kuonyeshwa, The Man Trap, Septemba 8, 1966, kuna kiumbe kinajigeuza mwanamume kinamwongelesha Uhura Kiswahili pale kwa korido. Matamshi si ya nyumbani lakini nilishtuka sana kuskia.

#9 kiti_cha_nahodha

Kijana umenitangulia, asante. Na tena kwenye The Changeling ya 1967, Uhura amefutwa kumbukumbu, yuko zahanati anafundishwa kusoma upya Kiingereza, akikasirika anarudi kwenye Kiswahili. Kumbukumbu zote zimefutika, hicho kimebaki.

Na hiyohiyo The Man Trap, kiumbe kinakula chumvi, kwahiyo wakatafuta vichupa vya chumvi vya kisasa wakavipata, vizuri mno, wakaona mtazamaji hatojua kama ni vya chumvi. Wakavipeleka kwa daktari. Baadhi ya vifaa vya McCoy vya kutibia ni vichupa vya chumvi.

Sasa dada binti_pangani, CHUMBA CHA UHURA.

Vyumba vya kulala vya maofisa vilikuwa seti moja inayobadilishwa. Hiki cha Kirk, weka pazia jekundu na sanamu na mwanga mwekundu kinakuwa cha Spock, utakiona vizuri kwenye Amok Time. Sisi tuliokulia chumba kimoja tunajua pazia linaweza nini, mchana sebule usiku kwa wazee.

Miaka miwili Uhura alikaa mezani kwake na ile spika ya sikioni, amegeuzia ukuta, tunamjua kwa mgongo na sauti. Kwake hatupajui. Ikaja sizoni ya tatu. Desilu imeshauzwa 1967 iko chini ya Paramount, bajeti imekatwa ikawa kwenye dola laki na elfu themanini hivi kwa episodi, kipindi kimesogezwa Ijumaa saa nne usiku wakati vijana wametoka. Ndio sizoni ambayo sayari nzima inakuwa jukwaa jeusi na taa mbili, angalia The Empath. Spectre of the Gun mji wa magharibi una kuta za mbele tu, nyuma anga nyekundu. Finnerman naye akaondoka kabla haijaisha.

Na ndani ya hiyo sizoni ya njaa ndio tunaingia kwa Uhura. The Tholian Web, Novemba 1968, yuko chumbani kwake mbele ya kioo anamuona Kirk ambaye wote wanajua amekufa. Desemba ikaja Elaan of Troyius, Uhura ameambiwa ampishe chumba binti wa kifalme, na kamera inakaa humo muda mrefu, unaona mapambo ya Kiafrika, unaona ni chumba cha mtu mwenye kwao. Ni ukuta uleule wa Kirk. Lakini mtu alikaa akafikiria huyu mwanamke angeweka nini kwake. Yule binti anavirusha vitu vya watu ovyo na mimi nilikuwa naumia, nasema dada hivyo vina mwenyewe.

Alafu angalia inavyofungwa. Chombo kinashambuliwa, dilithiamu imeharibiwa, na mkufu wa huyu binti kumbe mawe yake ni dilithiamu yenyewe. Yanabebwa kutoka shingoni kwake yanapelekwa kwa Scotty, kwenye lile dude la katikati ya sakafu lililoongezwa sizoni ya pili. Vyumba nilivyovieleza hapa karibu vyote viko kwenye episodi moja. Kama una nafasi ya kuangalia moja tu, angalia hiyo.

#10 binti_pangani

Nimeenda kuiangalia nikarudi. Kaka, nimesimamisha pale chumbani kama ulivyosema. Sikuwahi kuelewa kwamba kile chumba ni cha Uhura, nilidhani kimepambwa kwa ajili ya yule binti. Sasa kila kitu alichokigusa nakiona tofauti. Asante sana.

#11 mzee_wa_kahawa

Vijana hamjambo. Mimi nina moja tu. Juni 1969 wakafunga. Zile seti zilienda wapi?

#12 kiti_cha_nahodha

Shikamoo mzee wangu.

Zilitawanyika. Kiti cha nahodha kiliuzwa mnada 2002, Paul Allen wa Microsoft akakinunua kwa zaidi ya dola laki tatu. Ule mfano mkubwa wa nje, wa mita kama tatu na nusu, uko Smithsonian toka 1974, walikuja kuukarabati ukarudishwa kwenye maonyesho 2016.

Ila stori ya seti ninayoipenda ni hii. 1992 kwenye ule mfululizo wa baadae, The Next Generation, wa kina nahodha Picard kuna episodi inaitwa Relics, Scotty mzee anarudi, ana huzuni, anaomba kompyuta imtengenezee chumba chake cha usukani cha zamani. Wenye kipindi hawana seti wala pesa ya kuijenga yote. Wakajenga kipande tu, kiti na meza ya mbele wakapata kwa shabiki aliyejitengenezea mwenyewe. Nyuma pakabaki patupu. Ndio mtu akakumbuka kwamba 1967 kwenye This Side of Paradise wafanyakazi wote walikiacha chombo, na kamera ilipiga chumba kikiwa kitupu, hakuna mtu hata mmoja. Wakazichukua zile sekunde chache, wakazizungusha, wakaziweka nyuma ya Scotty. Kwahiyo mlango unafunguka, mzee anaingia, na anachokitazama ni chumba chenyewe, cha miaka 25 nyuma.

Na hao wa kina Picard wenyewe walipoanza 1987 walirithi korido na chumba cha injini vilivyojengwa kwa ajili ya filamu ya 1979. Humo injini ni nguzo ya mwanga imesimama wima, na bomba linaloenda nyuma limepunguzwa kidogo kidogo kama zamani. Safari hii walitaka watu waonekane kule mwisho, kwahiyo kwenye filamu wakawavalisha sare watoto na watu wafupi wakawaweka nyuma.

Mwenye uwezo wa safari, mji wa Ticonderoga jimbo la New York kuna seti zote zimejengwa upya kwa kufuata ramani za zamani, toka 2016 watu wanaingia wanatembea. Mimi nikifika nitaenda moja kwa moja kwenye ule wavu.

#13 seremala_wa_mbagala

Nimerudi wakuu. Nimekata mabomba ya inchi nne, tatu, mbili na nusu, moja na nusu. Nimeyapanga kwenye ubao wa futi nane, nimeinua ubao nyuma kidogo, nimepaka yote kijivu, alafu nikapiga taa ya bluu kutoka upande. Wavu nimetumia wa dirisha.

Kwa macho ukisimama pembeni ni mabomba tu. Ukiinama ukaweka simu kwenye futi tatu, katikati, aisee. Aisee! Karakana yangu ina futi kumi na mbili tu lakini kwenye picha naona kama handaki. Mwanangu wa miaka sita akapita nyuma kutafuta mpira wake akatokea kwenye picha, alivyosimama pembeni ya bomba la mwisho ameonekana mtu mzima kabisa, fundi wa zamu. Nimempa koleo ashike. Picha naweka usiku nikipata bando.